Sura Mpya ya Gari la Mbarouk

Jumatatu, 4 Agosti

Puti ya kuzibia mabonyeo, na msasa, tangu asubuhi, mlango wa gari la samaki. Maji, msasa, maji tena. Vumbi mpaka ndani ya masikio. Mke wangu anasema nikipiga chafya natoa rangi ya kijivu. Si uongo.

Saa nane simu ikaanza kulia na haikukoma. Kundi letu, Wapenzi wa Milango Miwili. Tuko watu kumi na saba na gari la milango miwili ni moja, la rafiki yangu Mbarouk. Wengine wote ni wapenzi tu, kama wale mabwana wanaohudhuria kila harusi na wao wenyewe hawajaoa. Mimi nimo kwa haki ya ufundi. Miaka ishirini nalinyoosha bodi gari lile, kila lilipogongwa na mbuzi, na nazi, na mara mbili na shemeji yake.

Leo Mbarouk katuma picha. Jekundu lake lile lile, sura mpya. Ile waliyoitoa wenye kiwanda mwaka jana kwa magari yao mapya, tukagombana juu ya picha yake wiki mbili. Kumbe kaiagiza. Imekuja na meli ndani ya maboksi, na imeshavalishwa. Taa za duara hazipo. Zimewekwa nyembamba, kama macho ya mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Bampa imeshuka chini. Mdomo mpana.

Kaivalisha nani? Fundi wa mjini Chake.

Nimeosha mikono mara mbili.


Jumanne, 5 Agosti

Kundi limepasuka. Mwalimu Kombo, mwanzilishi wetu, anasomesha hesabu na hana hata baiskeli. Kaandika maelezo marefu kama khutba: gari lina uso, na uso ukiubadilisha umeua. Vijana wa bandarini wakamjibu kwamba kinachotaka kubadilishwa ni miwani yake. Mpaka Alasiri kila mtu alikuwa na upande. Wanaoipenda sura mpya wanaitwa Wapya. Wanaotaka taa zirudi wanaitwa Wa Duara.

Wakauliza, fundi Hamadi anasemaje? Fundi Hamadi alipaswa kunyamaza. Nikatuma sauti. Nikasema gari limekuwa kama chewa aliyetolewa majini, mdomo wazi, bado anauliza kosa lake nini. Nikaona wanacheka, nikaongeza: na kazi yenyewe imegandishwa kwa mate.

Walicheka. Watu kumi na tano, nimewahesabu.

Mbarouk hakuandika neno.

Nilijiona mtu hodari mpaka chai ya jioni.


Alhamisi, 7 Agosti

Kwa Shaame muuza kahawa kuna baraza mbili, kushoto na kulia kwa mlango. Siku zote tunakaa penye kivuli. Leo Wapya wamekaa kushoto, juani. Wa Duara kulia. Watu wazima na ndevu zao, jua la saa kumi linawapiga usoni kwa ajili ya bampa. Shaame akamimina kahawa, akasema, "Nyinyi hamna dogo. Mkipewa papai moja mtagombania mbegu."

Nikacheka. Halafu sikucheka. Kisiwa hiki tumewahi kugawana maduka, na visima, na hata maziko, na nakumbuka ilivyoanza. Ilianza na watu kuhama baraza. Najua hii si siasa, hizi ni taa. Lakini nilipofika nikasimama, nikatazama kushoto, nikatazama kulia, na nikajiona nachagua.

Nikakaa kulia.

Mbarouk akapita kwa miguu. Akatoa salamu kwa wote, sauti yake ile ya msibani, akaenda zake. Hakukaa. Tangu tuko watoto chuoni kwa Maalim tukipigwa bakora moja kwa makosa mawili, sijawahi kumuona akiipita kahawa ya Shaame bila kunywa.

Watoto wa mtaani wanaliita gari Chewa. Neno langu hilo. Limefika haraka kuliko rangi yangu inavyokauka.


Ijumaa, 8 Agosti

Aibu. Naiandika ili iniishe.

Baada ya sala nimelikuta gari limeegeshwa nyuma ya msikiti. Ndiyo mara ya kwanza kuiona sura ile kwa macho, si kwa picha. Nikatazama huku na huku. Nikainama. Nafasi baina ya bampa na fenda, mimi huipima kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukaingia kushoto. Nikaenda kulia. Ukucha ukaingia vile vile, sawa sawa. Nikapitisha kiganja kwenye boneti. Hakuna wimbi. Rangi imeshikana na ya zamani mpaka nikakosa pale zilipokutana, na rangi ile ya zamani nimeipiga mimi.

Kazi safi. Safi kuliko nyingi za kwangu.

Nikainua kichwa. Mbarouk kasimama na viatu mkononi.

"Umeyaona mate?" akaniuliza.

Nikasema naangalia tairi. Tairi! Nimechuchumaa mbele ya bampa, naangalia tairi.

Kavaa viatu polepole, kaondoka.


Jumapili, 10 Agosti

Zimebaki wiki mbili kwa harusi ya binti yetu Rukia. Mke wangu kaleta daftari la waalikwa. Yeye kamaliza wanawake wote, mimi wanaume nimewamaliza wote isipokuwa mmoja. Wa mbali tunawapelekea mjumbe. Rafiki huendewa na mwenye harusi mwenyewe, kwa miguu yake, mpaka mlangoni. Ndivyo ilivyo. Ukimtumia mtu, umemwambia kitu kingine.

Na huyu si rafiki wa kukaa kitako akala biriani tu. Rukia alipokuwa na miaka saba alilala ndani ya gari lile, kiti cha mbele, mdomo umejaa halua. Mbarouk akasema siku atakayotoka nyumbani kwetu kwenda kwa mumewe, atamtoa yeye, kwa gari hilo, na asitokee ntu mwengine kujitia dereva. Kila Sikukuu tangu hapo humkumbusha. Rukia naye humwambia, "Ami, usiliuze kwanza."

Mke wangu akasema, "Nenda kamtake radhi."

"Kwa lipi? Nilitania."

"Basi nenda ukamtanie mlangoni kwake, tukuone."

Mwanamke huyu nilimuoa kwa ajili ya utulivu wake.


Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda. Nimevaa kanzu, nimejifukiza udi kabisa. Nimefika kwenye kona ya nyumba ya Mbarouk. Gari limekaa mbele ya baraza linanitazama kwa yale macho membamba. Nikageuka.

Nimerudi na mikate mitatu. Mke wangu kaitazama mikate, kaitazama kanzu. Kaipeleka jikoni. Afadhali angesema.


Alhamisi, 14 Agosti

Kundini wameanza kutukanana kweli. Mmoja wa Wapya kamwambia Mwalimu Kombo hafai kusomesha watoto. Mwalimu kamtoa. Watano wakatoka kumfuata aliyetolewa. Mimi niliyechekesha watu nimejificha nyuma ya gari la samaki.

Rukia kaniletea chai kazini. Kasimama kidogo. Kisha kwa adabu yake yote:

"Baba, nimtafute mtu mwengine wa gari? Kaka yake rafiki yangu Salma ana gari kubwa, kasema hana tabu."

Nikamwambia asubiri.

"Nasubiri, baba. Nilitaka ujue tu kwamba ntu yupo."

Chai sikuimaliza. Ilikuwa na iliki, na mimi naipenda iliki.


Jumamosi, 16 Agosti

Leo nitaandika kirefu. Kisiwa kizima kinacheka, na mimi peke yangu ninashindwa.

Karafuu zimeanza kukomaa, na kama kila mwaka watu wameanika pembezoni mwa barabara, maana lami inakausha kuliko uwanja. Mama mkwe wangu, Bi Mize, ametandika majamvi manne mbele ya nyumba yake, njia ya Chake. Kila dereva wa hapa anajua la kufanya ukikutana na gari lingine mahali kama pale. Hukanyagi karafuu za watu. Unalipita jamvi juu kwa juu, gurudumu moja huku, moja kule, karafuu zinabaki chini ya tumbo la gari, hata moja haivunjiki. Mbarouk kafanya hivyo miaka ishirini. Kwa gari lake lile anaweza kufanya hivyo huku akijifuta jasho.

Leo akakutana na lori. Akapita juu ya jamvi.

Akasahau mdomo.

Bampa imekwenda chini ya karafuu kama kijiko kwenye wali. Imekomba jamvi zima. Bi Mize alikuwa kizingitini anachambua, anatenga makonyo, vile vijiti vyake, na karafuu. Anasema alisikia kishindo kidogo, akainua macho, akaliona gari linatafuna. Shoo, ule wavu wa mbele, umejaa karafuu mpaka juu. Jamvi limening'inia nje kama ulimi. Na mdomo wa chini umepasuka, ufa wa shubiri nzima.

Mama mkwe ana miaka sabini na tano. Hakupiga kelele. Kamwambia Mbarouk, "Teremka weye." Kateremka. "Piga magoti." Kapiga magoti, na kanzu yake nyeupe, akachomoa karafuu moja moja kutoka kwenye mdomo wa gari, yeye anazipokea kwa ungo, barabarani, Jumamosi ya soko. Kila gari lililopita lilipunguza mwendo.

Alipomaliza akataka kuondoka kwenda Chake kwa fundi wake. Bi Mize akamuuliza Chake kufanya nini.

"Kulitengeneza, Bi Mize."

"Mkwe wangu amekufa?"

"Hajafa, Bi Mize."

"Basi mpelekee mkwe wangu. Na umwambie, mjukuu wangu anatoka na gari hilo, na kama mna maneno yenu yawekeni chini ya jamvi."

Haya yote kanisimulia Bi Mize mwenyewe kwa simu, mara mbili, na mara ya pili kaongeza magoti. Mimi siwezi kumkatalia mama mkwe. Mbarouk naye, karafuu za mama mkwe wangu kazila, hawezi pia.


Jumapili, 17 Agosti

Mbarouk kaja saa tatu. Gari limefika kabla ya sauti yake. Limefika kwa harufu. Karafuu zimeingia mpaka kwenye rejeta, na injini ikipata moto mtaa mzima unanukia kama chumba cha mzazi aliyejifungua jana.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam."

"Bi Mize kasema."

"Kaniambia."

Kaweka ufunguo juu ya benchi, karibu na mkono wangu, si mkononi. Kaondoka kwa miguu.

Nimefungua bampa. Nyuma yake ndipo fundi unapomjua mwenzio, pale ambapo mwenye gari hatazami kamwe. Mikono michafu huacha siri zake huko. Huyu wa Chake kapiga msasa na nyuma pia. Kila skrubu ina kijiraba chake. Katumia faiba tabaka tatu pale mimi ningeweka mbili na dua.

Nikakaa chini juu ya debe.


Jumatatu, 18 Agosti

Mwalimu Kombo kaja mbio, hata chaki hajafuta. "Yakhe, Mungu katuletea mpaka mkononi! Taa za duara si ziko stoo kwake? Zirudishe. Mwambie mdomo haukutengenezeka. Nani atakuhoji, weye ndiye fundi."

Nakiri kwamba nilifikiri. Muda wa kunywa glasi ya maji. Mdomo ule ukisemwa hauponi, nani atabisha?

Nikamwambia hapana. Kasema nimekuwa wa Wapya. Nikamwambia sipendi sura hii hata kidogo. Akaniuliza basi kwa nini. Nikachukua msasa, nikarudi kwenye mdomo.

Baada ya Adhuhuri nikatafuta humu ndani ya daftari siku niliyopiga ile rangi nyekundu, nipate kipimo cha mchanganyiko. Nikazisoma kurasa za mwaka jana nikirudi nyuma. Nikakuta hii, mwandiko wangu mwenyewe:

"Mbarouk kaja na picha ya sura mpya. Kaniuliza kama naweza kumvalishia. Nimemwambia atafute fundi asiye na haya. Tumecheka."

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nimesahau kabisa. Wiki mbili nimetembea na moyo umevimba kwamba kanipita, hakuniuliza. Kumbe mimi ndiye wa kwanza aliyeulizwa.

Nimeandika "tumecheka". Nani alicheka? Nimejaribu kukumbuka uso wake siku ile. Nakumbuka wangu tu.

Basi niseme kweli mahali ambapo hapana wa kuisoma. Sikuichukia ile sura kwa sababu ya taa. Kila kitu kwenye gari lile kilipita mkononi mwangu miaka ishirini, na siku lilipopendeza machoni pa watu, halikupita kwangu. Ndiyo hiyo. Chewa, mate, ni mapambo tu.

Na bado nasema ni baya. Hilo nalo ni kweli.


Jumatano, 20 Agosti

Mdomo umepona. Faiba tabaka tatu, kama mwenzangu. Nimeupandisha vidole viwili juu kuliko ulivyokuwa, kwa kuukata chini na kuupa mviringo, ili jamvi lipite. Ukiangalia hujui. Sura ile ile mpya. Sikuigusa pengine.

Nikaoga. Kanzu. Udi sikuweka safari hii. Nikaliendesha mpaka kona ya nyumba yake, nikaliacha hapo, nikamaliza kwa miguu. Mwaliko ni wa miguu.

Kafungua Mbarouk mwenyewe. Nikamwambia nimekuja kwa mawili, harusi na radhi, achague lipi litangulie.

Akatoa simu mfukoni. "Maneno yako, la chewa na la mate, mimi nayasikia kwa watu tu. Sauti yako sijaifungua mpaka leo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa isije ikawa kweli."

Akaifungua palepale, tumesimama mlangoni. Sauti yangu mwenyewe, inajichekea kabla ya kufika. Sijui watu wanaistahimili vipi. Kwenye chewa Mbarouk akacheka. Kwenye "anauliza kosa lake nini" akashika mlango. Kisha ikafika ile ya mate, na kicheko kikakatika.

"Ya chewa nakupa," akasema. "Hii ya mate si kweli."

"Si kweli."

"Ulijua?"

"Siku ile sikujua. Nilijua Ijumaa. Kwenye tairi."

Akanitazama kidogo. "Basi iseme huko ulikoisemea."

Nikatoa simu yangu. Nikasimama wima, kama mtoto anayesomeshwa mbele ya Maalim. Nikasema kundini kwamba mimi Hamadi nimeifungua bampa ile kwa mikono yangu, na kazi ya fundi wa Chake ni safi mbele na nyuma, na kwamba mimi niliombwa kazi hiyo kabla yake nikaikataa kwa kiburi, kisha nikaitukana bila kuiona. Na sura bado siipendi.

Hakucheka hata mmoja. Mwishowe akaandika mmoja wa Wapya: "Ahsante fundi." Mwalimu Kombo akajitoa. Nasikia amefungua kundi lake.

Mbarouk akaniuliza harusi saa ngapi. Anaijua tangu mwezi wa Ramadhani. Nikamwambia, Jumapili, ndoa baada ya Alasiri. Akasema atajaribu kufika.

Atajaribu! Nikamwambia asiponifikia mlangoni saa kumi na nusu nitamtuma Bi Mize.


Jumapili, 24 Agosti

Sina nguvu ya kuandika. Machache tu.

Ndoa imefungwa. Mkwe wangu mpya kajibu qubul, kwamba amekubali, kwa sauti kubwa mpaka kadhi karuka.

Mbarouk kaja saa kumi na robo. Asumini juu ya boneti, maua ya kilua kwenye vioo. Wa Duara na Wapya wamesimama mtaani pamoja, maana kivuli leo kilikuwa upande mmoja tu. Bi Mize kalizunguka gari, kainama na miaka yake yote, kachungulia mdomoni kuona kama kuna karafuu yake imebaki. Kisha kaniangalia: "Umelifunga mdomo vizuri."

Rukia katoka. Vigelegele. Alipoingia kiti cha mbele sikumtazama usoni. Nilitazama bampa, ile nafasi, ukucha mmoja, sawa pande zote. Mtu lazima atazame mahali.

Bwana harusi anakaa njia ya Chake. Wanasema majamvi yote ya njiani watu walikuwa wameyavuta pembeni kabla gari halijafika. Mbarouk anasema hakuwaomba.


Jumanne, 26 Agosti

Nyumba imekuwa kubwa. Kiti cha Rukia mke wangu hataki kukiondoa, mimi sitaki kukikalia. Tumekunywa chai tukiwa tumekizunguka.

Mbarouk kaja karakana na boksi. Taa zile mbili za duara, na bampa ya zamani. Kasema stoo kwake hamna nafasi. Stoo yake naijua, unaweza kufuga ng'ombe wawili. Sikubisha. Nikapiga misumari mitatu ukutani, tukazitundika pamoja, taa mbili juu na bampa chini yake. Tukasogea nyuma kutazama.

"Nzuri," nikasema.

"Nzuri," akasema.

Kisha akaenda nje kwenye gari lake. Nikasikia likiwaka, na harufu ya karafuu ikaingia mpaka ndani kwangu ikakaa.

Gari la samaki limerudi, mlango ule ule. Kesho naanza upya na puti. Kwanza nimezifuta vumbi zile taa.